Kigari Kimoja na Mama Mkwe

Walionisoma Jumamosi iliyopita wanajua nilipoishia: nimekwama kwenye matope chini ya Mwamba wa Tororo, nimeajiriwa kuwatengenezea Wazungu pikipiki zao, na mvua imekataa kukatika. Wale ambao gazeti lao lilifungiwa sukari kabla hawajalisoma nitawaeleza kwa ufupi, maana aibu yenyewe bado iko mbele.

Mimi ni Erisa Ikwap, fundi. Mwaka ule wa 1955 nilifukuzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na sikumwambia mke wangu. Kwa miezi mitatu nilibeba mfuko wangu wa spana kila asubuhi, nikaaga, nikaenda kukaa nyuma ya stesheni mpaka jioni. Akongo alinifungia chakula kila siku, nami nikakila pale pale nikitazama mabehewa.

Siku alipojua hakupiga kelele. Alisema njaa angeivumilia, lakini hakuolewa ili adanganywe na mfuko wa spana. Akarudi kwao Tiira, upande wa Busia.

Kaka yake, Omoding, akanipa siku moja tu ya kwenda kumchukua: Jumapili ya mwisho ya Aprili, niende na mzee wangu, nifike kabla ya adhuhuri. Nisipofika, watajua nimemwacha, na Okochi, karani wa baraza, ambaye alikuwa ameshatuma watu wake mara mbili kumposa, atasikilizwa.

Baba mdogo Etyang alitangulia Busia siku ya Ijumaa. Mimi nikabaki nifanye kazi ya siku mbili kwenye mkutano wa klabu ya pikipiki, ili nimwendee mke wangu nikiwa mtu mwenye kazi. Siku hiyo hiyo mvua ikashuka. Serikali ikafunga geti la mvua kwenye barabara ya Busia, kama ilivyofunga kila barabara ya udongo ilipolowa, chombo chochote kisipite mpaka ikauke. Na mkubwa wa klabu, Mzungu tuliyemwita Kisigino, akakusanya tikiti za kodi za mafundi na wapishi wote, akazitia mfukoni mwake ili mtu asitoroke kwa sababu ya baridi.

Sasa Jumapili imefika.

Niliamka nikiwa nimelowa mpaka kwenye soksi. Hema la chai lilikuwa limelala chali tangu Jumamosi. Mabwana wamejikunyata chini ya turubai moja wanacheza karata, na pikipiki zao kumi na saba zimezama tope mpaka kwenye ekseli. Mimi nilikuwa nimezisafisha kabureta zote mara mbili, na zote zilikuwa na maji tena.

Utaniuliza kwa nini sikuondoka kwa miguu. Maili ishirini si kitu kwa mtu anayefuata mke. Lakini pale getini walikaa askari, na mtu mweusi akipita wanamwuliza tikiti ya kodi. Asiye nayo alichukuliwa kwenda kupasua kokoto za hiyo hiyo barabara. Tikiti yangu ilikuwa kifuani kwa Kisigino, kwenye mfuko wenye kifungo. Niliutazama mfuko ule siku tatu kama mbwa anavyotazama nyama juu ya paa.

Muniru, mpishi wa kambi, mtu wa Busia mwenye maneno mengi na moyo mzuri, ndiye aliyeniletea habari saa mbili asubuhi. Aliniambia mabwana wameamua kufanya shindano la mwisho, mvua au jua. Wataruhusiwa kupita geti. Wanakwenda Busia, wanapigiwa muhuri kwenye kadi dukani kwa Mhindi, wanarudi. Na Kisigino hana mtu wa kukaa kwenye kigari chake.

Hapo ndipo nilipoona mlango.

Kisigino alikuwa na pikipiki yenye kigari cha pembeni. Chombo cha namna hiyo hakiendi vizuri kikiwa kitupu. Kwenye tope lazima akae mtu ndani, ajitupe huku na huku kwenye kona, gurudumu lisiinuke. Kazi hiyo aliifanya bibi yake, yaani mkewe. Lakini Jumamosi kigari kilimmwaga kwenye mtaro mbele ya watu wote, na Jumapili alisema yuko tayari kurudi kwao Ulaya kwa miguu kuliko kukipanda tena.

Nikaenda kusimama mbele ya Kisigino, nikamwambia mimi nina uzito wa kutosha na sina woga. Alinitazama kama anayenunua gunia. Halafu akanirushia kofia ya ngozi na miwani mikubwa ya vumbi ya bibi yake.

Muniru alinikaza mkanda wa kofia chini ya kidevu. Alisema, "Ndugu yangu, kwenda salama. Na mkeo ukimwona, hii mara sema kweli tu, hata kama iko mbaya." Nilicheka. Nilimwambia leo hakuna uongo wowote wa kusema, nakwenda kumchukua mke wangu, basi.

Tuliondoka saa tatu. Wenye pikipiki za magurudumu mawili walianza kuanguka kabla hata hatujapoteza kambi machoni. Sisi tulikwenda. Kisigino alikuwa mtu mkali na bahili wa maneno, lakini pikipiki aliijua. Nami nilijitupa kushoto, nikajitupa kulia, na kila gurudumu lilipozunguka nilihesabu: Akongo, Akongo, Akongo. Sioni haya kusema nilikuwa na furaha.

Furaha hiyo ilidumu maili tatu. Ilikwisha getini.

Pale getini palikuwa na watu kama thelathini walionaswa tangu Ijumaa, basi lao limezuiwa, wamejificha chini ya turubai la lori. Askari alipiga saluti, akainua mti. Halafu akamwomba bwana jambo moja. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, anatetemeka tangu jana, anarudi upande wa Busia. Kigari kina nafasi. Je, bwana hawezi kumsaidia?

Nilitazama kulikoelekezwa kidole. Alikuwa mama yake Akongo.

Sasa msomaji ambaye si wa kwetu lazima aelewe, la sivyo atacheka bure. Kwetu Wateso mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Akija njia hii, wewe unaingia majanini mpaka apite. Hamli pamoja, hamshikani mkono, jina lake hulitamki. Si chuki. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na anayemtazama mama mkwe wake machoni ni mtu asiye mkwe. Miaka minne niliyokuwa na Akongo, mama yake nilimjua kwa mgongo na kwa sauti tu.

Na miili ikigusana, hilo si la kuomba radhi likaisha. Anachinjwa kondoo dume, na wote wawili wanapakwa uchafu wa tumboni mwake. Kabla ya hapo mkwe hakanyagi boma lile, wala halali nyumba moja na mkewe. Likifichwa, wazee walisema, linamtafuta aliye mdogo kuliko wote katika ukoo ule.

Nilifanya haraka kushuka. Nilimwambia bwana nitakwenda kwa miguu, mama akae peke yake.

"Wewe iko uzito," alisema Kisigino. "Uzito hapana shuka."

Nikasema basi nikae nyuma yake, juu ya pikipiki. Akanionyesha madebe mawili ya petroli yaliyofungwa pale. Nikasema mama huyu ana haya, hatakubali. Alisema tope la mbele ni baya, uzito wa watu wawili ni bora kuliko wa mmoja, na kama sitaki, nimrudishie kofia, askari huyu ataangalia kama nina tikiti.

Ningemweleza vipi mtu kama yule? Kwao mama mkwe anabusiwa shavuni.

Mama alikuja ameinamisha kichwa. Alipofika karibu alisimama ghafla, kwa muda mfupi sana, kisha akavuta shuka lake likafunika kichwa na uso wote. Nilijiambia ni kwa ajili ya mvua. Kofia na miwani vilinificha, hata mimi nisingejijua kwenye kioo. Askari akamshika mkono, akamtia ndani.

Kiti kilikuwa cha mtu mmoja. Mimi nilibanwa upande wa nje, yeye upande wa pikipiki. Bega kwa bega, nyonga kwa nyonga, magoti kwa magoti. Nilijaribu kujiminya niwe mwembamba. Kisigino akapiga kiwashio kwa kisigino chake, mti wa geti ukashuka nyuma yetu, na barabara ikawa yetu watatu tu.

Msomaji, nimewahi kulala kituo cha polisi. Nimewahi kukaa siku nzima chini ya lori lililoniangukia mguuni. Sijawahi kubanwa kama nilivyobanwa maili zile. Kila kona Kisigino alipiga kelele nijitupe, nami nikijitupa nje mama alinifuata kwa uzito wake, na nikirudi nilimrudia yeye. Nilikuwa nasali na kutukana kwa wakati mmoja.

Kwenye bonde la kwanza, kando ya mto, injini ilizimika. Maji yalikuwa yameingia kwenye plagi. Kisigino aliteremka akaanza kuifungua mwenyewe, maana alisema nikishuka mimi kigari kitainama mtoni. Tukabaki wawili ndani, mvua inatugonga vichwani.

Ndipo mama alipoanza kuzungumza. Hakuzungumza na mimi. Alitazama upande wa pili, kwenye majani, akasema kwa Kiteso, polepole, kama mtu anayepanga kuni.

"Ewe mvua. Nimekaa siku mbili pale getini natafuta wa kumtuma. Nilikwenda Tororo nimpate mtu wa kumpelekea mume wa Akongo neno, nisimpate. Basi nakuambia wewe. Kama utamwona, mwambie asiende Tiira. Wamehamishia kikao Busia, barazani kwa Mhindi, ili Okochi aje na watu wake wamwone akikosa."

Maneno yale yalikuwa yangu. Alinijua. Alinijua tangu pale getini, na alipanda vilevile, kwa sababu ya mwanawe.

"Mwambie pia," aliendelea, "binti yangu ana mimba ya miezi minne. Hakumwambia mtu ila mimi. Alisema hataki kurudiwa kwa ajili ya tumbo. Mimi ninataka arudiwe kwa lolote lile."

Nilitaka kulia, na nadhani nililia, miwani ile ilikuwa imejaa maji hata hivyo. Nilikuwa baba wa mtoto, na habari nimeipata mahali ambapo sikuruhusiwa hata kuwapo.

Alikaza shuka lake kichwani. Kisha akasema neno la mwisho, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Ewe mvua, mtu yule akiulizwa amefikaje Busia, amekuja kwa miguu. Mimi nimekuja na mgeni nisiyemjua. Kondoo atachinjwa siku nyingine, pole pole, bila watu wengi. Leo amchukue mkewe."

Injini ikawaka. Kisigino akapanda. Sikuijibu hata mvua.

Tulifika Busia kama saa tano na nusu. Baraza la duka la Mhindi lilijaa watu waliokimbia mvua. Kabla pikipiki haijasimama sawasawa niliruka nje na kofia yangu na miwani yangu, nikazunguka nyuma ya duka kama mtu aliyebanwa na haja. Mama alishushwa na watu wengine, akaenda kukaa mwisho kabisa wa baraza, shuka juu ya kichwa, kama inavyompasa mama mkwe.

Nyuma ya duka nilivua kofia na miwani, nikavificha ndani ya koti, nikanawa uso kwenye pipa la maji ya mvua, nikahesabu mpaka mia moja. Halafu nikaingia kwa upande wa barabara, nikihema, kama mtu aliyetembea maili ishirini.

Ilifaulu. Naapa ilifaulu kabisa.

Baba mdogo Etyang aliponiona alisimama, uso wake ukafunguka. Omoding alitoa saa yake mfukoni, akaitazama kwa masikitiko, akairudisha. Okochi alikuwa amekaa kwenye kiti pekee cha baraza, suruali imepigwa pasi, mwavuli katikati ya magoti, watu wake wawili pembeni. Alinitazama viatu mpaka kichwa, akageuza mwavuli wake. Nilikuwa nimefika, na adhuhuri ilikuwa bado.

Wazee waliongea yanayoongewa. Etyang aliomba radhi kwa ajili ya ule uongo wa miezi mitatu, akasema kijana ameona makosa, sasa ana kazi. Omoding aliguna, lakini alikuwa mtu wa kushika neno lake. Akaagiza dada yake aletwe na mzigo wake.

Akongo alitoka ndani ya duka. Nilikuwa sijamwona wiki saba. Alikuwa amejifunga kitambaa cha bluu nilichomnunulia mwaka wa kwanza, na tumbo lilikuwa halijaonekana bado, ila kwa mtu aliyejua. Nilimpenda mpaka nikasahau kwamba Okochi yupo.

Alinisogelea. Alinitazama, akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likasimama njiani.

Mwanamke huyu alifua nguo zangu miaka minne. Alijua nguo iliyotembea kwenye mvua inachafuka vipi. Koti langu upande wa kushoto lilikuwa tope tupu, kuanzia begani mpaka mfukoni. Upande wa kulia, kuanzia begani mpaka gotini, lilikuwa limelowa tu, halina tope hata tone. Aligeuza kichwa polepole akatazama mwisho wa baraza. Shuka la mama yake lilikuwa na tope upande wa kulia. Upande wa kushoto lilikuwa safi.

Hakuna mwingine aliyeona. Omoding alikuwa akimwambia Etyang habari za ng'ombe. Akongo alinijia karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini.

"Erisa, umekuja na nini?"

Nilifungua mdomo niseme kwa miguu. Neno lilikuwa tayari, mama yake alikuwa amenipa mwenyewe. Ningelitoa, ningeondoka naye saa ile.

"Niambie wewe," alisema. "Sitamuuliza mtu mwingine. Utakaloniambia ndilo nitakalolichukua, na nitakufuata. Ila ujue kuna kitu nimebeba."

Nilitazama tumbo lake. Nilifikiri juu ya yule mdogo kuliko wote katika ukoo. Sijui kama wazee walisema kweli, mpaka leo sijui, lakini sikuweza kumtwika yeye jambo langu kabla hata hajazaliwa. Na nilikuwa nimechoka na mfuko wa spana.

"Nimekuja kwenye kile kigari," nilisema. "Na mama. Toka getini mpaka hapa. Kiti kimoja."

Nilikuwa nimesema chini, lakini baraza ni baraza. Mmoja wa watu wa Okochi alikuwa nyuma yangu. Alirudia maneno yangu kwa sauti ya mnadani, na mazungumzo yote yakakatika.

Omoding alikuja juu kama maziwa. Ilibidi Etyang ajitie katikati. Mama alizidi kujikunja ndani ya shuka lake, na wanawake waliokuwa karibu naye wakasogea mbali kidogo. Hilo la kusogea ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kwa maneno machache, mambo yakawa hivi. Kondoo lazima. Bila kondoo sitii mguu Tiira wala simchukui mke. Omoding alisema siku aliyotoa ni leo, na leo inakwisha jua likizama, kondoo awepo au asiwepo. Okochi alichukua mwavuli wake, akauweka vizuri, akasema yeye hana haraka, atasubiri jua lizame.

Etyang, mzee wangu, Mungu amweke, alivua viatu vyake palepale. Alisema upande wa Lunyo anamjua mtu mwenye kondoo, atakwenda kwa miguu na atarudi kabla ya jioni, hata kama atambeba mgongoni. Akaingia kwenye mvua na miaka yake sitini.

Akongo aliweka mzigo wake chini, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Aliniambia, "Kaa hapo ng'ambo, usinikaribie. Tutasubiri wote. Umesema kweli, nami sitaondoka hapa na mtu mwingine mpaka baba mdogo arudi. Wewe usiondoke tu."

Msomaji, nilitakiwa kufanya nini? Kukaa. Kazi yote ya siku ile ilikuwa kukaa kitako kwenye baraza la Mhindi.

Honi ikapigwa.

Kisigino alikuwa ameshapigiwa muhuri kadi yake. Alikuwa wa kwanza, wengine wote walikuwa mtaroni, na uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyepewa chupa ya soda. Alinionyesha kigari kwa kidole. Nilimfuata kwenye mvua, nikamwambia bwana, tafadhali, nimepata shida ya nyumbani, nitabaki.

Alidhani nafanya mzaha. Kisha akafungua kile kifungo cha mfuko, akatoa zile tikiti zote, akachagua yangu. Kwenye baraza la jirani walikaa askari wawili wa mpakani, na mbele yao wamechuchumaa wanaume watano waliokutwa bila tikiti, wamefungwa kamba moja.

"Wewe bakia," alisema, "mimi napa polisi hii tikiti, nasema fundi toroka kazi. Wewe panda, Tororo napata tikiti, napata kazi ya mwezi yote. Chagua upesi."

Nilitazama kamba ile. Nilijiona nimefungwa mbele ya Omoding, mbele ya mwavuli wa Okochi, mbele ya mke wangu. Nilijiambia mfungwa hana mke. Nilijiambia nikifika Tororo na tikiti yangu, nitarudi mbio, labda geti litafunguliwa, labda jua litachelewa. Nilijiambia mengi, mimi ni hodari sana wa kujiambia. Ningeweza kumwita Akongo nimweleze. Ningeweza kuwapa askari mikono yangu nikangojea Etyang arudi, maana Akongo angeniona nimebaki, hata kama ni kwenye kamba. Hilo nililifikiri baadaye.

Honi ikapigwa tena.

Nilikuja hapa gazetini kukiri, basi nakiri. Nilipanda.

Nilikuwa na miwani usoni kabla sijakaa vizuri. Kigari kilikuwa kikubwa sasa, nilikijaza peke yangu na nafasi ikabaki. Akongo hakusimama wala hakuniita. Aliinamisha kichwa akaanza kukaza fundo la mzigo wake, ambalo halikuwa limelegea.

Pikipiki ilipogeuza mbele ya duka, mama yake alisimama kule mwisho wa baraza. Alitembea mpaka ukingoni, mahali mvua inapoanza. Akashusha shuka kutoka kichwani kwa mikono miwili, mpaka mabegani.

Alikuwa na uso mwembamba, na kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya Akongo kabisa. Miaka minne sikuwa nimeuona. Alinitazama moja kwa moja machoni, bila haya na bila hasira, kama unavyomtazama mtu yeyote anayepita barabarani, mpaka pikipiki ilipokata kona.